Dume Anajibu, Anasogea, Kisha Anagoma

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi na shemeji yangu tunaishi Boise, Idaho, na Septemba ijayo itakuwa ya tatu kwetu kuwinda elk, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa upinde. Kupata madume wanaojibu si shida. Shida ni kwamba wakifika kama mita 70 au 80 wanasimama, wanatazama, wanaondoka. Mwaka jana mmoja alisimama ukingoni mwa uwanda mdogo wa majani, akatutazama dakika tano nzima, kisha akageuka. Shemeji ndiye alikuwa anaita, mimi nimekaa na upinde pembeni yake, nyuma ya kichaka. Tumeshanunua viwambo vya mdomoni, vile vifaa vidogo vya kuigia mlio wake, vya kila aina. Tufanye mazoezi gani ya sauti ili dume afike karibu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nilipofika kwenye hilo neno "kichaka" nilijua jibu langu litaanzia wapi.

Acheni kununua viwambo. Dume aliyetoka kilima cha pili, akashuka, akapanda, akafika mita 80 kutoka mlipo, ameshaiamini sauti ya shemeji yako. Angeitilia shaka asingeondoka alikokuwa. Kilichomgomesha ni macho yake. Alifika mahali ambapo, kwa hesabu zake, alipaswa kumwona jike aliyekuwa anaita. Akatazama, jike hayupo. Zile dakika tano hakuwa anawatazama nyinyi. Alikuwa anamtafuta yule mliyemwahidi.

Kwa hiyo nitakueleza jambo moja kwa urefu, mengine nitayapitia. Mahali pa kukaa huchaguliwa kabla ya mlio wa kwanza, na sharti pawe mahali ambapo dume hawezi kuona pale mlio unapotoka mpaka awe ameshaingia ndani ya masafa ya upinde wako. Ukilishika hilo, hata sauti ya wastani itakuletea nyama. Usipolishika, hata ukiita vizuri kuliko jike mwenyewe utaendelea kutazamana na madume ng'ambo ya uwanda.

Kuhusu jina: mimi nitamwita wapiti. Ni neno la Washawnee, wenyeji wa Marekani tangu kale, na maana yake ni tako jeupe. Hilo tako jeupe ndilo utakaloliona kwanza kati ya miti, na mara nyingi ndilo utakaloliona mwisho. Ulaya, jina elk ni la mnyama mwingine, yule ambaye Wamarekani humwita moose, kwa hiyo wapiti halichanganyi mtu.

Sasa fikiria mambo yanavyokwenda kwa wapiti wenyewe, pasipo mwindaji. Kati ya mwanzo wa Septemba na mapema Oktoba majike huingia joto, kilele kikiwa katika wiki ya tatu na ya nne ya Septemba. Jike mmoja huwa tayari kupandwa kwa muda usiozidi siku moja hivi, na akikosa mimba hurudia baada ya siku 21 au karibu na hapo. Dume ana sababu ya kuharakisha. Lakini kwa kawaida yao dume ndiye anayepiga parapanda, yaani ule mlio wake mrefu unaoanza chini, ukapanda hadi kuwa mluzi mkali, ukaishia kwa miguno. Akishapiga, majike ndio wanaomwendea. Kwa hiyo unapotoa sauti ya jike naye akakujibu, asije mtu akakwambia amesema "nakuja". Amesema "njoo". Akiwa na hamu kweli atakuja nusu ya safari, atasimama mahali pa kuonekana, na kungoja jike naye ajitokeze. Hiyo nusu ya safari ndiyo zile mita 80 zenu.

Halafu kuna masikio yake. Mlio mmoja tu ukimfikia, wapiti hajui kwamba kuna jike "upande ule" tu. Anajua ni karibu na mti upi. Nimewahi kuwaona wakitoka umbali wa nusu kilomita, msitu mzito, wakaja moja kwa moja hadi hatua chache kutoka mguuni pa mti niliokuwa nimeuegemea nikiita. Maana yake akiwa anatazama, hatazami ovyo. Anatazama hapohapo ulipo. Ukiwa na upinde mkononi hapohapo sauti inapotoka, macho yake yote ni yako, na wewe bado hujauvuta.

Kwetu Afrika kuna uitaji wa namna nyingine kabisa, na tofauti yake inafundisha. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, humwita ndege wa asali, mlembe, kwa miluzi yenye tuni. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaoishia kwa mguno mfupi. Ndege wa kila upande huitikia zaidi sauti ya watu wa kwao, kwa kuwa sauti hiyo huleta kweli: mtu anapata asali, ndege anapata nta. Ahadi inatimizwa. Wewe na wapiti wako hakuna ahadi itakayotimizwa, kwa hiyo usimpe nafasi ya kuihakiki ahadi yako akiwa mbali. Uhakiki wake uwe mita 25.

Utapapata wapi mahali pa namna hiyo? Milima imejaa. Kichwa cha tuta dogo: mwitaji ng'ambo ya tuta, mpigaji, yaani mwenye upinde, upande huu, karibu na kichwa. Dume hawezi kuona ng'ambo mpaka apande, na akipanda amekufikia. Kona ya njia ya wanyama inayozunguka mwamba. Mfereji wa kijito uliokata mteremko. Msitu wa misonobari michanga iliyobanana, ambako huoni zaidi ya mita 35 kokote. Mahali pabaya kuliko pote ni uwanda wa majani, ule unaotuvutia sisi kwa sababu tunaona mbali. Ukiona mbali, naye anaona mbali.

Kuna jaribio ambalo huwafanyisha wanaotoka nami, na ninyi lifanyeni hata kwenye bustani ya mji kabla ya msimu. Mwitaji akae anapotaka kukaa. Mpigaji aende hadi pale anapodhani dume atatokea, asimame wima, maana jicho la dume aliyeinua kichwa haliko chini ya jicho la mtu mzima aliyesimama, kisha atazame nyuma. Je, unapaona pale mahali? Si mtu, mahali. Kama unaona wazi lile eneo ambalo jike alitakiwa awe amesimama, na eneo ni tupu, dume naye atasimama hapohapo uliposimama. Endelea kusogea mbele. Hatua ya kwanza utakayoweza kuona eneo la mwitaji, weka alama ya jani. Kutoka kwenye jani hilo hadi pa mpigaji pasizidi masafa yako ya uhakika. Mtu mwenye uhakika wa mita 30 asikubali jani la mita 45 kwa matumaini.

Sasa kichaka. Mwaka wangu wa kwanza Montana nilikaa nyuma ya kichaka cha mierebi kilichonifunika mpaka kifuani. Rafiki yangu aliita, dume akaja. Nilimsikia kabla ya kumwona: kwato kwenye mawe, pembe zikigonga matawi, kisha harufu, ile harufu nzito kama ya beberu, kwa kuwa dume wakati huu hujikojolea tumboni na shingoni na kugaagaa topeni. Alisimama mita 18 mbele yangu. Nilikuwa na upinde, nilikuwa na upepo, na mbele yangu kulikuwa na vijiti 100 ambavyo mshale wowote ungevigonga. Nilipoinuka nusu goti ili nipitishe mshale juu ya kichaka, alishaniona. Tangu siku hiyo nakaa mbele ya kichaka, si nyuma yake. Mgongo uwe na mti mpana au kichaka cha kuvunja umbo lako, mwili uwe kivulini, mbele pawe wazi. Wapiti hakuoni kwa sababu hujafunikwa. Anakuona kwa sababu umesogea. Kaa kwenye kivuli, piga goti, tulia.

Kabla hajafika, kata vijiti viwili vitatu kwenye njia tatu ambazo mshale unaweza kupita, na upime umbali wa vitu vinavyoonekana: kisiki kile mita 22, jiwe mita 31. Dume akishatokea hutapata muda wa kupima chochote.

Kati ya mwitaji na mpigaji pawe na umbali gani? Ninyi mlikaa pamoja, na hilo peke yake lingetosha kuharibu. Kwenye msitu mzito mita 30 hadi 40. Kwenye msitu mwepesi 60, hata 80. Dume akigoma, agomee mita 70 kutoka kwa mwitaji, na hapo awe mita 20 kutoka kwa mpigaji. Mkiweza mwonane kwa ishara za mkono vizuri, msipoweza mkubaliane mapema.

Tuje kwenye upepo, na hapa naomba uniruhusu maneno ya mabaharia wa kwetu, kwa kuwa sijapata yaliyo bora: joshi ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakoelekea. Dume anayekuja kwenye sauti ya jike, hasa mzee, karibu kila mara atajaribu kupinda aingie demani ya sauti ili amnuse huyo jike kabla ya kufika. Jicho lake unaweza kulidanganya na sikio lake unaweza kulidanganya, pua haidanganyiki. Kwa hiyo mpigaji asikae kwenye mstari ulionyooka kati ya mwitaji na dume. Asogezwe mbele, kisha upande wa demani, hatua 20 hadi 40. Dume akianza kupinda kutafuta harufu ya mwitaji, njia yake inamleta mbele ya mpigaji kabla hajafika demani ya mpigaji mwenyewe. Hapo ndipo penye ufunguo, na ni suala la mita chache. Chora mchangani kwa kijiti mpaka wote wawili mkubaliane.

Upepo wenyewe mlimani una ratiba. Usiku na alfajiri hewa baridi ni nzito, inateremka mabondeni kama maji. Jua likishapiga mteremko, hewa inapata joto na kuanza kupanda. Jioni kivuli kikiingia, inageuka tena kushuka. Mtu wa pwani haoni ajabu: mvuvi anatoka alfajiri na umande unaotoka bara, anarudi mchana na upepo wa bahari, na sababu ni ileile, ardhi kupoa na kupata joto. Saa ya hatari ni ile ya kugeuka, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, hewa inapozungukazunguka bila uamuzi. Saa hiyo mimi siiti. Nakaa, nakunywa chai, nangoja upepo uamue. Beba kichupa cha unga mwembamba, na zaidi ya unga, beba nyuzi laini za mmea unaofanana na sufi. Unga unakuonyesha upepo hapo ulipo tu. Usufi unaelea mbele mita 30, 40, na utauona unavyopinda kwenye kijibonde ambacho hukukitegemea. Mara ngapi nimehamisha mahali pa kukaa kwa sababu ya unyuzi mmoja!

Kazi ya mwitaji ni kubwa kuliko kupuliza. Wapiti ni mnyama wa kilo 200, 300. Anakanyaga, anavunja, anabiringisha mawe. Shemeji yako akiita akiwa ametulia kama mtu yuko kanisani, sauti inatoka mahali pasipo na uhai. Avunje vijiti. Akwaruze mti kwa tawi nene, kwa nguvu, juu chini, kama dume anayesugua pembe. Hilo peke yake, bila mlio wowote, limeniletea madume waliokuwa wamenyamaza. Na dume akigoma, mwitaji asizidishe sauti. Ageuze uso, aangalie nyuma, aite kwa sauti ndogo, kisha arudi nyuma mita 30 au 40 akikanyaga wazi, aite tena. Kwa dume, jike amechoka kungoja na anaondoka. Hiyo ndiyo dawa ya kugoma niliyoiona ikifanya kazi mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mwitaji anaweza pia kusogea pembeni badala ya nyuma: akienda kushoto, njia ya dume inapinda kushoto, na kwa namna hiyo anaweza kumwongoza apite mbele ya mpigaji.

Uliniuliza sauti, basi nizitaje. Ya kwanza na ya lazima ni mlio mfupi wa jike, kama paka mdogo anayeita, unaoanza juu na kuteremka. Mtu anayejua huo tu vizuri, laini, na kujua kunyamaza, anatosha kuwinda. Wa ndama ni huohuo, mwembamba na mfupi zaidi. Jike aliye kwenye joto huvuta mlio mrefu wenye kilio ndani yake. Utumie kwa uchache, maana ukisikika kila baada ya dakika mbili kutwa nzima hakuna mnyama atakayeuamini. Kisha parapanda ya dume kwa bomba la kupulizia: kuna ile ya mbali, ya kuuliza tu "nani yuko", isiyo na ukali, na kuna ile ya ugomvi, fupi, ya ghafla, yenye mngurumo. Na kuna mbweko mmoja mkavu wa tahadhari: ukiusikia, umeshatambulika. Ukiwahi kumjibu papo hapo kwa mlio wa jike, wakati mwingine anasita.

Msimu nao unabadilisha lugha. Siku za mwanzo wa Septemba madume bado hawajapata makundi, wanatembeatembea. Mlio laini wa jike, kukaa mahali pamoja dakika 40, na subira. Wengi huja kimya, bila kujibu, na mwindaji anayenyanyuka baada ya dakika kumi humkuta dume akikimbia mita 60 nyuma yake. Katikati ya mwezi parapanda zinaanza kupata majibu ya hasira. Mwishoni, dume mkubwa ana majike kumi au zaidi, na hapo wengi hukosea: wanampigia parapanda wakiwa mita 300. Yeye ana kila anachotaka. Akisikia mpinzani mbali, anawakusanya majike wake na kuwaswaga upande wa pili wa mlima. Hakimbii kwa woga, analinda mali.

Dume wa namna hiyo haitwi kwa mbali. Kimya kimya mnamfuata, mkitumia parapanda zake mwenyewe kujua aliko, mpaka mfike mita 80 au 100, upepo ukiwa usoni. Mpigaji anatangulia mita 40 zaidi. Hapo mwitaji anatoa mlio wa jike mmoja, na dume akijibu, kabla hajamaliza kujibu, mwitaji anamkatiza kwa parapanda ya ugomvi. Sasa kuna jike na mpinzani ndani ya nyumba yake. Hana nafasi ya kuswaga kundi. Lazima aje, na huja haraka. Mara ya kwanza nilipoliona hili kwa macho sikuwa mpigaji, nilikuwa mwitaji, na dume alipita mwendo wa mbio mbele ya mwenzangu aliyekuwa bado hajaweka mshale kwenye upote. Kwa hiyo mshale uwekwe kabla.

Na kama upo peke yako? Ni vigumu zaidi lakini inawezekana. Ita ukielekeza mdomo wa bomba nyuma yako, kisha sogea mbele mita 30 haraka, kimya, upige goti. Dume atakuja kutafuta mahali ulipokuwa.

Kuvuta upinde: hapa ndipo mengi humwagika dakika ya mwisho. Usivute kwa sababu unamwona. Vuta wakati jicho lake haliwezi kukuona. Anapotembea kati ya misonobari, kichwa kitapita nyuma ya shina. Hesabu mashina mapema, chagua moja, na kichwa kikiingia nyuma yake, vuta moja kwa moja bila kusita. Akitokea upande wa pili, mwitaji au wewe mwenyewe kwa kiwambo mtoe mlio mmoja mfupi wa jike. Atasimama, kwa kawaida sekunde mbili tatu. Kama umevuta na hajasimama mahali pazuri, vumilia. Ndiyo maana sikushauri upinde mzito kuliko uwezo wako. Upinde wenye uzito wa kuvuta wa pauni 55 unaoweza kuushikilia nusu dakika ni bora kuliko wa 70 unaokutetemesha. Sheria ya Idaho inadai usipungue pauni 40, na lazima uwe na kibali cha upinde, ambacho hutolewa kwa aliyepitia mafunzo ya uwindaji wa upinde au aliyewahi kuwa na kibali hicho.

Piga akiwa amekupa ubavu, au akiwa amegeuka kidogo kuelekea mbali nawe ili mshale uingie kwenye mbavu za nyuma na kwenda kwenye bega la upande wa pili. Dume aliyeitwa mara nyingi huja uso kwa uso, kifua kikiwa kimekuelekea. Najua wapo wanaopiga hapo. Mimi siwafundishi watu wangu kupiga hapo: nafasi ni ndogo, mfupa ni mwingi, na mnyama huyu ana uwezo wa kwenda kilomita kadhaa akiwa na jeraha. Ukiwa umekaa pembeni ya mstari kama nilivyoeleza, ubavu utaupata wenyewe. Hiyo ni faida nyingine ya kukaa demani ya mstari. Baada ya kupiga, mwitaji aendelee kuita taratibu dakika chache. Dume aliyepigwa bila kujua kilichompata mara nyingi husimama akisikia jike, na hulala karibu. Msiinuke. Ukiwa umepiga mapafu, ngoja nusu saa. Ini, saa nne au zaidi. Tumbo, saa nane hadi kumi na mbili, hata kama moyo wako unakuambia uende sasa.

Jambo la usalama nalisema kwa uzito. Mwitaji anaigiza mnyama anayeliwa. Huko kwenu kuna dubu weusi na mbwa mwitu. Mkisogea mashariki ya Idaho kuelekea Yellowstone, au mkija kwetu Montana, kuna dubu wakubwa, grizzly, nao wanaujua mlio wa jike na wa ndama vizuri kama dume anavyoujua. Kopo la dawa ya kupulizia dubu likae kiunoni, si ndani ya begi. Mwitaji awe na mti mpana mgongoni. Na kwa kuwa wawindaji wengine nao wana viwambo na mabomba, msimwendee kwa kunyatia "dume" ambaye hamjamwona, wala msipige kitu ambacho hamjakiona chote.

Sasa turudi kwenye uwanda wenu. Umesema dume alisimama ukingoni, nadhani kwenye miti, nanyi mkiwa ng'ambo ya majani. Mkienda tena, msikae hapo. Zungukeni uwanda gizani, muingie kwenye miti ya upande wake, mita 60 au 70 ndani. Kama ni asubuhi, hewa inateremka: msiwe juu yake mteremkoni. Kaeni usawa wake, au chini yake kidogo. Tafuteni tuta, mwamba, au misonobari michanga iliyobanana, na shemeji akae nyuma yake. Wewe sogea mbele kama mita 50, teremka hatua 20 au 30 upande wa bonde, kwa kuwa huko ndiko demani na huko ndiko atakakopinda. Goti chini, mti mgongoni, kivulini. Rusha usufi, utazame unakoenda. Kisha shemeji avunje kijiti kimoja, angoje kidogo, aite mara mbili kwa sauti ndogo, na baada ya hapo anyamaze mpaka dume aongee.